Tai ya Zamu na Hesabu za Jembe

Vijana wangu, mkitaka kujua kama darasa la kutayarisha watu kwa mitihani ni zuri, msisome kibao chake. Mimi nilisoma kibao. Kilikuwa kibao kizuri cha mninga, kimechorwa mlango wa buluu ulioachwa wazi, na juu ya mlango maandishi meupe: MLANGO WAZI, HAKUNA KUSHINDWA. Nilisimama mbele yake pale Tunduma, vumbi la malori likinipiga usoni, nikajisemea kwamba watu wangu ndio hawa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo nilikuwa nimewafundisha watoto wa shule mwaka mzima, na mwenyewe haikuwa imeniingia.

Siku hizi mnaiita twisheni. Mnakuja hapa kwangu mkitoka vyuoni, mnakunywa chai yangu, mnaniuliza mkafundishe kituo kipi kati ya hivi vinavyoota kila mtaa kama uyoga. Mnadhani ni jambo jipya. Wakati wa Mwingereza lilikuwepo vilevile. Serikali ilikuwa ikichukua watu wazima na kuwafundisha kazi: wakunga, wasaidizi wa zahanati, makarani wa mabaraza. Aliyetaka alikwenda bomani mara moja kwa mwaka kufanya mtihani wa hesabu na wa kuandika barua. Wengi walikuwa wameishia darasa la nne, na kalamu hawajaishika miaka kumi. Walihitaji mtu wa kuwanoa, na penye anayehitaji kunolewa hapakosi mwenye tupa.

Mwenye Mlango Wazi aliitwa Bwana Sikanyika. Alikuwa Mnamwanga aliyerudi kutoka migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako alikuwa karani wa stoo. Alirudi na suti ya kijivu, baiskeli yenye taa mbili, na neno la Kibemba la heshima, "mukwai", ambalo alimpa kila mtu, hata mbuzi waliomzibia njia.

"Swali moja tu, mukwai," aliniambia siku nilipoomba kazi. "Mtahiniwa akikuuliza jambo usilolijua, unafanyaje?"

"Namwambia sijui, nitamtafutia."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyechelewa kuletewa mgonjwa. "Hapa, mukwai, tunasema: swali zuri sana, nani anaweza kumjibu mwenzake?"

Nikapata kazi. Nilipewa chaki, orodha ya majina, na maelezo juu ya tai. Bwana Sikanyika aliamini kwamba mtu hawezi kufaulu mtihani wa serikali akifundishwa na shingo tupu, lakini tai ilikuwa moja na walimu tulikuwa wawili. Ilining'inia kwenye msumari mlangoni. Mwenye kipindi aliivaa, akimaliza aliivua kwa kichwa bila kufungua fundo, akampa mwenzake. Mwenzangu alikuwa na shingo ya mcheza ngumi, kwa hiyo ikinifikia mimi fundo lilikuwa kifuani, na nikiibana, yeye baadaye alifundisha nusu saa nzima macho yamemtoka. Wanafunzi wakadhani ni ukali. Walimheshimu sana kuliko mimi.

Ufundishaji wenyewe ulikuwa wa kukariri. Bwana Sikanyika alikuwa na majibu arobaini ya mitihani iliyopita na barua tatu, ameziandika kwa mwandiko mzuri kweli. Watahiniwa walizimeza zote, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Mimi nikaona ni njia ya mkato, nikafurahi, maana kijana akiona njia ya mkato haulizi inatokea wapi.

Inatokea hivi. Mwaka wangu wa kwanza, mtihani wa barua ulitaka mtu amwandikie Bwana Shamba kumpa habari kwamba nzige wameingia. Barua yetu iliyokaririwa ilikuwa ya kuomba ruhusa kazini kwa sababu mama anaumwa. Mtu wetu mmoja kutoka Momba, mtu mzima, mwenye bidii, hakutaka kupoteza jasho lake. Alimwandikia Bwana Shamba akimwomba kwa unyenyekevu awape nzige ruhusa ya siku tano, kwa kuwa mama yao yu mahututi na hawana ndugu mwingine wa kumuuguza. Nasikia barua ile ilisomwa bomani kutoka ofisi hadi ofisi, na watu wakashika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilikwenda kwa Bwana Sikanyika nikamwuliza, sasa kile kibao cha hakuna kushindwa tutakifanyaje? Akafungua daftari la majina, akachukua wino, akalipiga mstari jina la yule bwana.

"Nani ameshindwa?" akaniuliza. "Huyu si wetu. Hajawahi kuwa wetu."

Ndipo nilipojua hesabu ya kibao ilivyofanywa. Kwa hiyo mkienda kuomba kazi mahali, msiombe kuonyeshwa waliofaulu. Hao watawaonyesheni bila kuombwa, watawapigia na simu waje. Ombeni kuonyeshwa walioshindwa, mwulize wako wapi sasa na nani anawafundisha. Mkiambiwa hawapo, shikeni njia. Mimi sikushika njia. Nilikuwa napata mshahara wa mwezi, nilikuwa navaa tai, hata kama ni ya zamu, na mama yangu alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba mwanawe yuko kwenye kampuni.

Nilifika Ruanda kununua maharage tu. Ruanda ya Mbozi, kwa wakulima wa kahawa. Kulikuwa na kaya kumi na mbili zilizolima kwa ujima: leo shamba la huyu, kesho la yule, wote wamejipanga mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Mkubwa wao, Mzee Mwazembe, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji cha pili. Aliposikia mimi ni mwalimu wa mtihani wa bomani hakunipa nafasi ya kupima maharage.

"Hapa tuna watu tisa wanautaka huo mtihani," alisema. "Mshahara hatuna, nisikudanganye. Chakula kipo, na jembe lipo."

"Jembe la nini, mzee?"

"La kwako."

Hawakuwa na kibao. Hawakuwa na jina. Darasa lao lilikuwa banda la kukaushia kahawa, na masharti yalikuwa kwamba mwalimu naye analima, kwa sababu mtu akikaa pembeni anatazama wenzake wakilima, alisema Mzee Mwazembe, hata mbegu zinamshangaa. Nikasema nitajaribu majuma mawili.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao nawaombeni msiurudie. Sikuacha kokote. Jumatatu hadi Jumatano nilikuwa Tunduma na tai, Alhamisi hadi Jumamosi nilikuwa Ruanda na jembe, na katikati nilikuwa juu ya lori la mizigo, nimekaa kwenye magunia. Bwana Sikanyika nilimwambia nina kazi ya kanisa kule Mbozi. Watu wa Ruanda niliwaambia nina mjomba mgonjwa Tunduma, mguu wake haumwachi alale.

Mjomba huyo nilimbuni papo hapo, na alinitesa kuliko mjomba wa kweli. Watu wa Ruanda ni watu wa huruma. Juma la kwanza wakampelekea mjomba maboga. Juma la pili asali. Juma la tatu Mzee Mwazembe akataka jina lake ili amwombee kanisani, nikasema anaitwa Yohana, na Jumapili ile kanisa zima likamwombea Yohana mguu. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikiwa nimeshiba asali ya Yohana. Nilimwombea pia. Ningefanyaje?

Sasa niwaambie juu ya Nambeye, maana bila yeye hadithi hii haina uzito wowote.

Alikuwa Mnamwanga aliyeolewa Unyiha, huku kwa watu wa Mbozi, mjane, umri wake miaka thelathini na minne. Alitaka kwenda kusomea ukunga. Mwisho wa umri wa kupokelewa ulikuwa thelathini na mitano, kwa hiyo mtihani ule ulikuwa wa kwanza kwake na wa mwisho. Siku moja tukiwa shambani nilimwuliza kwa nini ukunga, kwa nini si kazi nyepesi.

"Dada yangu alifia njiani, Mwalimu," alisema, jembe halikusimama. "Tulikuwa tumembeba kwenye machela kumpeleka hospitali. Kutoka asubuhi mpaka jua la saa tisa. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa machela wa nyuma, namwona uso. Sikujua la kufanya. Watu wanane, hakuna hata mmoja aliyejua la kufanya." Akageuza donge la udongo. "Nataka nijue la kufanya."

 Nilikuwa nimezoea watu wa Tunduma waliotaka ofisi yenye feni.

Lakini kutaka ni kutaka, na hesabu ni hesabu. Watu tisa hawa walilima tangu alfajiri, wakala mchana, ndipo tukaingia bandani kusoma. Hawakufika dakika kumi. Walilala wakiwa wameketi, wakalala wakiwa wanajibu. Nambeye alilalia ubao wake mdogo wa mkononi, akainuka na tisa mara sita imejichapa kwenye paji la uso kwa chaki, imepinduka. Wenzake walimcheka, kisha nao wakalala. Nilimwendea Mzee Mwazembe kumwambia kwamba watu wake hawafundishiki.

"Umewahi kumwona mtu akilala na jembe mkononi?" aliniuliza.

"Hapana."

"Basi peleka hesabu shambani. Unazifungia bandani za nini?"

Nikazipeleka. Mwanzoni nilikuwa najiona mpumbavu, nimesimama kwenye mstari wa kahawa napiga kelele "Saba mara sita!" lakini jembe lina mwendo wake, na hesabu ikauona mwendo ule ikaufuata. Nikisema swali, majembe yanapanda. Jibu linashuka na jembe: "Arobaini! Na mbili!" Na kwenye hesabu kubwa, za kuandika namba moja na kubeba nyingine, pale pa kubeba ndipo tulipogeuza donge upande wa kushoto. Ukibeba moja, unageuza mara moja. Ukibeba tatu, unageuza mara tatu. Bega la kushoto linainama, namba inakaa begani hadi utakapoihitaji. Sijui mnavyofundishwa vyuoni leo, lakini nawaambia, katika maisha yangu yote sijaona tena watu ambao hawakusahau kubeba. Mzee Mwazembe, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, alikuwa akigawanya kwa tarakimu mbili kufikia mavuno.

Na waliuliza maswali. Sijui, niliwajibu siku moja, nitawatafutia. Hakuna aliyefariki.

Siku ya mtihani ikafika. Mimi nilikwenda na lori la Mlango Wazi, nimevaa tai, kwa kuwa mwenzangu alikuwa na mafua. Bwana Sikanyika alikuwa na suti yake na watahiniwa kumi na wanne, kila mmoja midomo inamchezacheza kwa kukariri. Watu wangu tisa wa Ruanda niliwaambia tutakutana huko huko bomani. Mpango wangu ulikuwa niwasalimie kwa mbali, kwa jicho. Mshika mbili moja humponyoka, lakini mimi nilikuwa bado nazishika zote.

Nambeye akaja moja kwa moja uwanjani, kanga mpya, miguu imefutwa vumbi, akanikuta nimesimama na Bwana Sikanyika bega kwa bega. Akampigia goti yeye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mukwai," alisema Bwana Sikanyika, akishangaa.

"Mguu unaendeleaje? Tumekuombea sana. Na ile asali ilikufaa?"

Bwana Sikanyika akatazama miguu yake yote miwili. Akanitazama mimi. Alikuwa anafungua mdomo kengele ikalia, na sijawahi kuipenda kengele namna ile.

Watahiniwa wakaingia ndani. Sisi tukabaki barazani, na madirisha yalikuwa wazi, tukisikia kila neno. Msimamizi wa mtihani alikuwa karani mmoja mrefu, mkavu, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni. Sehemu ya kwanza ilikuwa hesabu za kichwa: yeye anasoma swali, watu wanaandika jibu. Akasoma la kwanza. Nikasikia, vijana wangu, kutoka nyuma ya chumba, pumzi ya watu tisa kwa mara moja: "Hm!"

Nikachungulia. Mabega tisa yalikuwa yameinama pamoja. Msimamizi akainua macho. Akasoma swali la pili, polepole, akiwatazama. Mikono tisa ikapanda kidogo juu ya meza, ikashuka. "Hm!" Kisha, kwa kuwa palikuwa na kubeba mbili, mabega tisa ya kushoto yakainama, mara moja, mara mbili.

"Wekeni kalamu chini!" Msimamizi akapiga meza. "Wote! Miaka kumi na mitano nasimamia mitihani, sijaona wizi wa wazi kama huu. Mnapeana majibu kwa mabega!"

Walimtazama tu. Hawakujua kwamba walikuwa wametikisika. Muulizeni mtu anayekula kama anajua taya zake zinakwenda.

Msimamizi akatoka hadi barazani, uso umemvimba. "Hawa tisa wa nyuma mwalimu wao nani?"

"Si wetu," alisema Bwana Sikanyika haraka, kwa sauti ileile aliyoitumia siku ya wino na daftari. "Sisi ni Mlango Wazi. Wetu wako mbele, wametulia kabisa."

"Na wewe?" Msimamizi akanigeukia.

Nilikuwa na tai shingoni. Nilikuwa na mshahara mwisho wa mwezi. Nilimtazama msimamizi, nikasema, "Mimi ni wa Mlango Wazi."

Nisamehe Mungu. Dirisha lilikuwa wazi, na Nambeye alikuwa amekaa karibu na dirisha.  Alinitazama kidogo, kisha akatazama karatasi yake. Nimekuwa mzee, nimezika ndugu, nimeugua, lakini aibu niliyoipata pale bado ikinijia nikiwa nanyoa ndevu huwa naweka wembe chini.

"Basi hawana mwalimu," alisema msimamizi. "Nazifuta karatasi zao." Akaingia, akachukua ya kwanza, akaipiga mstari mrefu wa wino mwekundu kutoka pembe hadi pembe. Akachukua ya pili. Ya tatu ilikuwa ya Nambeye.

"Bwana!" Nilikuwa nimeshapitisha mguu dirishani bila kujua. "Bwana, subiri. Ni wangu. Wote tisa ni wangu. Hawaibi, wanalima!"

Nyuma yangu Bwana Sikanyika akanishika koti. "Mukwai," alininong'oneza, "ukiingia humo kwa ajili yao, kwangu usirudi."

Nikavua tai kwa kichwa, nikampa kupitia dirishani. Mguu wa pili ukanigomea kidogo kwenye fremu, nikaanguka ndani ya chumba cha mtihani cha serikali kwa mgongo.

Nilimweleza msimamizi juu ya jembe, juu ya donge, juu ya kubeba begani. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mlevi mwenye adabu. Hata mimi nilipojisikia nikielezea niliona kwamba uwongo wa mjomba ulikuwa unaaminika zaidi.

"Nitajua sasa hivi," alisema. "Chagua mmoja. Hao wengine wageukie ukuta. Nitampa hesabu isiyomo kwenye mtihani."

Nambeye akasimama kabla sijachagua. Tukatoka nje. Kulikuwa na mtunza bustani anapalilia kitalu cha maua mbele ya boma, msimamizi akamnyang'anya jembe, akampa Nambeye. "Mifuko ishirini na saba ya kahawa. Kila mfuko ratili sitini na tano. Zote ni ratili ngapi?"

Nambeye hakutafuta mahali pa kulima. Alilimia palepale aliposimama. Jembe likapanda, likashuka: "Thelathini! Na tano!" Donge kushoto, moja, mbili, tatu. Maua ya manjano yakaruka. Mtunza bustani akatoa sauti ya mtu aliyechomwa mwiba. "Arobaini na mbili! Na tatu!" Likashuka tena. Nikahesabu naye kimoyomoyo. Alifika mwisho wa kitalu, akasimama, akajifuta jasho.

"Elfu moja mia saba hamsini na tano."

Msimamizi alikuwa ameandika hesabu yake kwenye karatasi. Akaitazama. Akatikisa kichwa, na safari hii hapakuwa na hasira, palikuwa na huzuni kidogo. "Elfu moja mia saba ishirini na tano," alisema. "Umekosa, mama. Pole."

 Barazani Bwana Sikanyika alikuwa tayari anasema "mukwai, mukwai" kwa masikitiko. Nambeye ndiye pekee ambaye hakusogea. Akaegemea jembe, akafikiri.

"Bwana, samahani," akasema. "Tano mara saba ulipata ngapi?"

"Thelathini na tano. Nikaandika tano."

"Na ile tatu ukaiweka wapi?"

 Msimamizi akainamisha miwani kwenye karatasi. Akachukua kalamu. Tulisikia ikikwaruza. Kisha, nawaapieni, bega lake la kushoto likainama: moja, mbili, tatu.

"Elfu moja," alisema taratibu, "mia saba... hamsini na tano."

Mtunza bustani peke yake ndiye aliyelia. Msimamizi alirudi ndani, akawatenganisha watu wangu, kila mmoja akamkalisha anaangalia upande wake, wawili akawapa karatasi mpya, akaanza mtihani upya tangu swali la kwanza. Kabla hajasoma alikohoa. "Mabega," alisema, "yanaruhusiwa." Mimi nilibaki nje kupanda maua upya, na mtunza bustani akinisimamia kwa maneno makali ambayo sitayarudia.

Majibu yalifika baada ya miezi miwili. Sita kati ya tisa walipita, na Nambeye alikuwa mmoja wao. Wale watatu walioshindwa hawakufutwa kwenye daftari lolote, kwa kuwa daftari hatukuwa nalo, na Alhamisi iliyofuata walikuwa kwenye mstari na majembe yao.

Mimi nilidhani nimeshachagua. Nimeacha tai, nimechagua jembe, basi, nitapokelewa kwa vigelegele. Miezi ile miwili nilikuwa nimesubiri majibu kwa mama yangu; nilipofika Ruanda nilikuta watu wameketi bandani, wote wa kaya kumi na mbili, na kigoda kimoja kitupu katikati. Nikaambiwa nikikalie. Hapo nikakumbuka kwamba hawakuwahi kuulizwa kama wao wananichagua mimi.

"Una mambo mawili," alisema Mzee Mwazembe, na hakupaza sauti, jambo lililonitisha. "La kwanza, Yohana."

Nikakiri hakuna Yohana. Nikakiri maboga. Nikakiri asali yote, mitungi mitatu. Bibi mmoja mzee aliuliza kama basi sala zake zimekwenda wapi.

"La pili," alisema mzee, "ulisema wewe si wetu."

 Nilisema nilikuwa mwoga, na kwamba naona haya. Nilisema hivyohivyo, bila kupamba, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Walibishana muda mrefu kwa Kinyiha, wengine wakitaka niondoke na lori la mchana. Mwishowe wakamwuliza Nambeye, kwa kuwa karatasi iliyokuwa mkononi mwa msimamizi ilikuwa yake.

Alikuwa amebeba barua yake ya kupokelewa, ameifunga kwenye ncha ya kanga.

"Alitukataa," alisema. "Nilimsikia kwa masikio yangu. Halafu akaingia kwa dirisha, na mlango ulikuwepo." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Mimi naondoka mwezi ujao, nakaa huko mpaka nimalize masomo. Shamba langu linabaki. Akitaka kuwa mwalimu wa hapa, alilime yeye. Peke yake, si kwa ujima. Mpaka nirudi."

Mzee Mwazembe akanitazama. "Umesikia masharti ya kazi?"

"Nimesikia, mzee."

Nililima shamba lile misimu miwili. Kahawa haitaki mtu wa haraka, na peke yako hakuna wa kukuitikia, unasema swali mwenyewe na jibu unalipiga mwenyewe. Nililipalilia, nikalipogoa, nikalia humo mara moja au mbili wakati wa mvua kubwa, na darasa likaendelea kila mchana, mwaka wa kwanza watu kumi na wawili, wa pili ishirini. Siku aliyorudi sikumwona akifika. Nilikuwa nimeinama, nikainua kichwa nikamkuta amesimama mwisho wa mstari na gauni jeupe la kazi na mkoba mgeni wa ngozi, anakagua miche mmoja mmoja, bila haraka.

Alipita mstari wote hadi mwisho, akarudi.

"Mwalimu," alisema, "nikiwa njiani nimemzalisha mama mmoja pale darajani. Mtoto alikuja na miguu mbele. Nilijua la kufanya."

Kisha akauweka mkoba chini, kwa uangalifu, mahali pakavu, akachukua jembe mkononi mwangu.